Kusafiri bila tiketi halali England: nauli inaishia wapi, jinai inaanzia wapi

Septemba 2024 kijana wa miaka 22 alipanda treni kutoka Broadbottom kwenda Manchester akiwa na tiketi aliyoilipia. Ilikuwa imeandikwa kuwa ni ya wakati wowote, na aliinunua kwa kadi ya punguzo ya vijana wa miaka 16 hadi 25. Asichokijua ni kwamba kadi hiyo ilikuwa na kima cha chini cha £12 kwa safari za kabla ya saa nne asubuhi siku za kazi, na tiketi yenye punguzo isiyofika kima hicho haikubaliki muda huo. Tofauti ya nauli ilikuwa £1.90. Kampuni ya reli, Northern, ikamwandikia kwamba inakusudia kumshtaki. Habari ilipoenea, shauri likaondolewa, na Novemba mwaka huohuo serikali ikaitaka Ofisi ya Reli na Barabara, ambayo ndiyo msimamizi wa sekta, ichunguze namna kampuni zote zinavyowatendea abiria wanaokutwa na tiketi zenye kasoro.

Wengi waliichukulia habari ile kama ukali wa kampuni moja. Ukweli unatisha zaidi, kwa sababu hatua ya kuandika barua ile sheria inairuhusu. Katika England na Wales, kitendo kimoja cha kuwa ndani ya treni bila tiketi inayokubalika kinaweza kumalizwa kwa malipo ya papo hapo, kwa faini ya mahakama, au kwa hukumu ya kukwepa nauli kwa makusudi yenye kifungo juu yake. Anayechagua njia ni kampuni iliyokosa nauli. Abiria anabaki na mambo mawili tu yaliyo mikononi mwake: anachokisema mbele ya mkaguzi, na anachokijibu barua ikifika.

Anayetoka Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuyajua haya. Kwenye SGR ya Nairobi hadi Mombasa, au ya Dar es Salaam hadi Dodoma, tiketi na kitambulisho hukaguliwa kabla hujakanyaga behewa. Asiye na tiketi hasafiri, basi. Stesheni ndogo nyingi za England hazina geti wala mlinzi. Unatoka barabarani moja kwa moja hadi jukwaani, treni inakuja, unapanda. Uwazi huo humfanya mgeni adhani kulipa ndani ya treni ni jambo la kawaida. Kisheria, stesheni ikiwa na mashine inayofanya kazi au dirisha la tiketi lililo wazi, kosa lilishatendeka ulipoingia kwenye treni mikono mitupu.

Njia nyepesi kuliko zote ni nauli ya adhabu. Upande wa England, tangu tarehe 23 Januari 2023, ni £100 pamoja na bei ya tiketi ya kwenda tu. Ukilipa ndani ya siku 21, £100 inashuka kuwa £50. Awali ilikuwa £20 au mara mbili ya nauli, ipi iliyo kubwa. Si faini ya mahakama na haiachi rekodi ya jinai. Unaweza kuikatia rufaa ndani ya siku 21, na zipo hatua tatu, ya mwisho ikiwa mbele ya jopo huru. Hapa kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui: kampuni haiwezi kukutoza nauli ya adhabu na wakati huohuo kukushtaki kwa safari ileile. Ikitaka mahakama, lazima kwanza iifute nauli hiyo. Kwa hiyo anayepewa karatasi ya nauli ya adhabu na kubishana hadi mkaguzi aichane na kuandika ripoti badala yake, amejihamisha mwenyewe kutoka mahali salama kwenda mahali pa hatari. Lipa au kata rufaa kwa maandishi, lakini ipokee ile karatasi. Na mabango ya kuonya kuhusu nauli ya adhabu lazima yawepo stesheni ulikopandia. Yasipokuwepo, hiyo ni hoja ya rufaa.

Si kampuni zote zenye mpango wa nauli ya adhabu, na hata zenye nao hazilazimiki kuutumia. Kinachofuata ni Sheria Ndogo za Reli za 2005, hasa ya 18. Inasema mtu asiingie kwenye treni kwa safari bila tiketi halali, na aionyeshe akiombwa na mhusika. Faini yake inafika hadi £1,000. Ugumu wake ni kwamba nia haiulizwi kabisa. Umesahau, simu imezima chaji, programu imegoma kufunguka, umeshika tiketi ya jana kwa bahati mbaya: yote hayo yanaweza kupunguza adhabu, hayafuti kosa. Utetezi unaotambuliwa na kanuni yenyewe ni mchache mno. Ama pale ulipoanzia safari hapakuwa na njia ya kununulia tiketi iliyokuwa ikifanya kazi, ama palikuwa na tangazo linaloruhusu kusafiri bila tiketi, ama mfanyakazi mwenye mamlaka alikuruhusu.

Juu yake kuna kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Reli ya mwaka 1889, ambayo ina zaidi ya miaka 130 na bado inatumika. Kifungu hicho kinamtaka abiria afanye moja kati ya mambo matatu akiulizwa: aonyeshe tiketi, alipe nauli, au atoe jina na anwani yake. Asiyefanya hata moja anaweza kutozwa hadi £500, na akikataa kujitambulisha anaweza kuzuiliwa. Kinachoogopesha ni kifungu kidogo cha tatu: kusafiri au kujaribu kusafiri bila kulipa kwanza, kwa nia ya kukwepa nauli, kupitiliza kwa makusudi umbali uliolipia, au kutoa jina au anwani ya uongo. Hapo adhabu ni hadi £1,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Kifungo hutolewa kwa nadra, lakini kule kuwepo kwake kunabadilisha uzito wa hukumu, kwa sababu kosa lenye kifungo huingizwa kwenye kumbukumbu za kitaifa za polisi, wakati hukumu ya Sheria Ndogo ya 18 kwa kawaida haiingizwi.

Neno "nia" linapotosha watu. Abiria wengi huamini kwamba mradi alikuwa tayari kulipa akiulizwa, hana nia ya kukwepa. Mahakama zilishasema kinyume. Katika kesi ya Corbyn dhidi ya Saunders ya 1978, abiria aliyepitiliza aliacha jina na anwani yake ili adaiwe baadaye. Akatiwa hatiani, kwani sheria haitaki nia ya kutolipa milele, inatosha kukusudia kutolipa pale nauli ilipostahili kulipwa. Kesi ya Bremme dhidi ya Dubery, ya miaka ya 1960, ilithibitisha kwamba abiria bado anasafiri hata baada ya kushuka, hadi atoke stesheni. Kwa hiyo uongo unaosemwa getini kuhusu ulipopandia unaweza kulikamilisha kosa. Na Browning dhidi ya Floyd ya 1946 ilihusu tiketi iliyonunuliwa kwa ajili ya mtu mwingine: nauli inayohesabika ni yako wewe, na tiketi isiyohamishika ikitumiwa na mwingine ni sawa na kutolipa. Hiyo ya mwisho inawagusa watu wengi wa kawaida jijini London. Kutumia pasi ya mzee wa nyumbani, au kadi ya nauli ya Oyster ya mtoto, huonekana nyumbani kama kusaidiana ndani ya familia. Wakaguzi wa London huona nia iliyo wazi, kwa kuwa mtu mzima anajua kadi ile si yake kila anapoigusisha getini.

Nia, basi, inathibitishwaje? Mara nyingi kwa mdomo wa abiria mwenyewe. Mkaguzi anayetaka kuandika ripoti hukusomea onyo la kisheria: hulazimiki kusema lolote, lakini utetezi wako unaweza kudhurika usipotaja sasa jambo utakalolitegemea mahakamani, na lolote utakalosema linaweza kuwa ushahidi. Kisha yanakuja maswali yanayofanana stesheni baada ya stesheni. Umepandia wapi? Ulikuwa na nafasi ya kununua tiketi? Kwa nini hukununua? Kama nisingekusimamisha, ungelipa? Swali la mwisho ndilo mtego. Mtu aliyechoka, anayetaka yaishe awahi kazini, hujibu "nadhani hapana", kisha anatia saini chini ya maandishi ya mkaguzi. Sentensi hiyo moja inaweza kuligeuza suala la Sheria Ndogo kuwa kesi ya mwaka 1889.

Kilicho salama ni hiki: toa jina na anwani ya kweli, sema ukweli kwa ufupi, na usitie saini maelezo usiyoyaelewa au yasiyo yako. Kama Kiingereza chako hakitoshi kwa mahojiano ya namna hiyo, liseme hilo na uombe liandikwe. Usibuni hadithi. Mkaguzi aliyesimama getini mara nyingi ameshajua treni yako ilipita wapi, na programu uliyonunulia tiketi inatunza historia yote. Kampuni zimekuwa zikipitia manunuzi ya nyuma kwenye akaunti za abiria, na ikionekana tiketi za masafa mafupi zimenunuliwa asubuhi baada ya asubuhi, dai la siku moja linakuwa dai la miezi. Mwaka 2014 mtendaji mmoja wa kampuni ya uwekezaji aliilipa kampuni ya treni ya Southeastern £42,550 na gharama za £450 ili kuepuka kesi. Alikuwa akipandia Stonegate, stesheni isiyo na geti, na kugusisha Oyster mwisho wa safari tu, Cannon Street jijini London, akikatwa £7.20 badala ya nauli ya safari yote. Desemba mwaka huo mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha ikamfungia kufanya kazi katika sekta hiyo. Mwendo wa namna hiyo unaweza hata kushtakiwa chini ya Sheria ya Udanganyifu ya 2006, ambayo vifungo vyake ni vya miaka na si miezi.

Tuje kwenye barua, maana hapo ndipo kesi nyingi zinapookolewa au kupotea. Baada ya ripoti ya mkaguzi, wiki kadhaa zinaweza kupita bila neno. Kampuni ina miezi sita tangu siku ya safari kufungua shauri, kwa hiyo ukimya wa wiki sita si msamaha. Barua ya kwanza kwa kawaida inaomba maelezo yako na kutaja tarehe ya mwisho ya kujibu. Jibu zuri ni fupi: yaliyotokea kwa mpangilio, nakala ya tiketi au kadi uliyokuwa nayo, radhi kama kosa lipo, na ombi la wazi la kulipa nauli yote pamoja na gharama zao ili suala liishe nje ya mahakama. Hakuna haki ya kukubaliwa. Huo ni uamuzi wa kampuni. Lakini kwa mtu asiye na historia, aliyejibu mapema na bila uongo, kampuni nyingi hukubali, na gharama zinazodaiwa ni nafuu mno kuliko za mahakama.

Usipojibu, hesabu inabadilika. Mahakimu hupanga faini kwa kipato cha wiki cha mshtakiwa, na asiyetoa taarifa za kipato amekuwa akikadiriwa £440 kwa wiki. Kosa lisilo na nia kwa kawaida huwekwa nusu ya kipato hicho, yaani £220. Kuna tozo ya wahanga wa uhalifu, asilimia 40 ya faini: £88. Ongeza gharama za mwendesha mashtaka, ambazo mara nyingi huzidi £100, na nauli yenyewe. Nauli ya £4 imekuwa zaidi ya £400, na hiyo ni kwa kosa dogo. Kwa kosa la nia, kianzio ni kipato chote cha wiki, £440, na tozo yake £176, kabla ya gharama. Anayekiri mwanzoni hupunguziwa theluthi ya faini, nafuu ambayo hawezi kuipata mtu asiyejua kwamba ana kesi.

Na wasiojua ni wengi: wanafunzi wanaohama chumba kila mwaka, wafanyakazi wapya wanaoishi kwa ndugu, wapangaji wa nyumba ambazo barua za watu kumi zinaangukia mlango mmoja. Makosa madogo husikilizwa kwa utaratibu wa hakimu mmoja: hakimu anasoma karatasi, hakuna mshtakiwa mbele yake, na asiyejibu ndani ya siku 21 anaweza kutiwa hatiani kwa ukimya wake. Ukigundua umehukumiwa bila kujua, nenda mahakamani utoe tamko la kiapo kwamba hukuwa na taarifa. Una siku 21 tangu ulipojua, na likipokelewa hukumu inafutwa na shauri linaanza upya. Barua ya wakusanya madeni ikikufikia kuhusu "faini ya treni" usiyoikumbuka, simu ya kwanza iwe kwa mahakama. Kuwalipa wakusanya madeni hakuifuti hukumu.

Utaratibu huohuo ndio uliozaa aibu kubwa kuliko ya Broadbottom. Kampuni za treni ziliruhusiwa kuutumia kwa makosa ya Sheria Ndogo pekee. Baadhi yake, zikiwemo Northern na Greater Anglia, ziliutumia hata kwa kifungu cha 5 cha sheria ya 1889, ambacho hakikuwemo kwenye ruhusa. Tarehe 15 Agosti 2024, Hakimu Mkuu Paul Goldspring, akiwa Mahakama ya Westminster, alitamka kuwa hukumu sita zilizochukuliwa kama mfano ni batili. Makadirio yalikuwa kwamba watu wapatao 74,000 walikuwa katika hali hiyohiyo. Kampuni zenye wanasheria zilishtaki kwa njia isiyo halali kwa miaka, na mfumo mzima ukazipitisha karatasi zile, wakati abiria aliyekosea saa ya kadi ya punguzo haruhusiwi kusema sikujua.

Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba mamlaka ya kushtaki yasiachwe hapo yalipo. Kesi nyingi za nauli hazipitii kwa waendesha mashtaka wa serikali. Ni mashtaka binafsi ya kampuni. Aliyepoteza nauli ndiye anayepeleleza, ndiye anayepanga bei ya kumaliza nje ya mahakama, na ndiye anayeamua nani aburutwe kwa hakimu. Uingereza iliona kwenye kashfa ya Posta, iliyowashtaki yenyewe wasimamizi wa vituo vyake wasio na hatia, kinachotokea taasisi inapokuwa mlalamikaji na mwendesha mashtaka kwa pamoja. Scotland, ambako hakuna nauli za adhabu, mashtaka hupitia kwa mwendesha mashtaka wa umma, na treni bado zinatembea. Wakwepaji wa nauli wapo na wanawagharimu wasafiri waaminifu. Hao washtakiwe, na kifungu cha 5 kinatosha kabisa. Lakini kosa lisilohitaji nia, la tofauti ya pauni mbili, halina sababu ya kuwa jinai wakati nauli ya adhabu ya £50 au £100 ipo na inauma vya kutosha.

Ripoti ya Ofisi ya Reli na Barabara ilitoka Juni 2025. Ilitaka ununuzi wa tiketi sahihi urahisishwe, abiria watendewe kwa namna inayofanana bila kujali kampuni, mashtaka yatumike kwa haki na kwa vigezo vinavyolingana, na pawe na usimamizi wa karibu zaidi. Mwelekeo ni mzuri. Hata hivyo Sheria Ndogo ya 18 iko palepale, na kuhamishia kampuni za treni mikononi mwa serikali, kazi ambayo chini ya sheria mpya ya 2024 ilianza na kampuni ya South Western Mei 2025, hakumwondoi mlalamikaji kwenye kiti cha mwendesha mashtaka. Kunambadilishia mwajiri tu.

Kwa sasa, kinga ya abiria ni ushahidi alioukusanya kabla ya kupanda. Mashine imezima? Piga picha ya kioo chake pamoja na jina la stesheni, na nyingine ya dirisha lililofungwa. Una fedha taslimu na mashine inapokea kadi peke yake? Kwenye stesheni nyingi za Northern mashine hutoa karatasi ya ahadi ya kulipa. Ichukue, kisha lipa kwenye nafasi ya kwanza, yaani kwa kondakta au mahali pa kubadilishia treni, na mwisho wa safari pale tu ulipokosa nafasi kabla. Mfanyakazi akikwambia panda tu utalipa mbele, andika jina lake au namba ya beji na saa. Tiketi ya simu ipakue mapema. Ukiwa umesahau kadi ya punguzo nyumbani, lipa unachodaiwa kisha uombe kurudishiwa. Masharti ya usafiri yanaruhusu hilo mara moja ndani ya miezi 12.

Ikiwa hukumu imeshatoka, faini kwa mtu mzima huhesabika kuwa imepitwa na wakati baada ya miezi 12, na mwajiri wa kawaida hawezi kuitumia dhidi yako baada ya hapo. Ila nafuu hiyo haiwafikii wote. Wauguzi na wakunga wanatakiwa na baraza lao kutoa taarifa wakishtakiwa au kuhukumiwa, mapema iwezekanavyo. Wanaofanya kazi na watoto au wagonjwa hupitia ukaguzi wa kina ambao huona zaidi ya miezi 12. Na masuala ya uhamiaji yametengwa kabisa: fomu za viza, ukaazi na uraia huuliza hukumu zote, za zamani na mpya. Nauli ya adhabu na malipo ya nje ya mahakama si hukumu. Faini ya hakimu ni hukumu, hata kama ilikuwa ya treni na ulikuwa hujui hadi barua ya madeni ilipokuja. Faini moja ndogo iliyotajwa kwa ukweli mara nyingi haiangushi ombi. Iliyofichwa huhesabiwa kuwa udanganyifu kwenye maombi, na hilo linaweza kumfungia mtu mlango wa viza kwa miaka 10.